Isekai Nyepesi za Kupumzisha Akili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watazamaji wa Kisumu

Jioni za Ijumaa watu wachache hukusanyika sebuleni kwangu hapa Manyatta, Kisumu, kutazama anime, yaani katuni za Kijapani. Wengi wao ni watu wazima: wauguzi, walimu, fundi mmoja wa pikipiki, na jirani anayeuza samaki katika soko la Kibuye. Hatutazami zile za vita virefu wala zile za mafumbo yanayohitaji daftari. Tunatazama isekai nyepesi, ambazo mtu huzitazama akiwa amechoka na asijute kesho yake. Wageni wapya huuliza maswali yaleyale, na jamaa zao wakisikia wanakokwenda Ijumaa huuliza mengine. Nimeyakusanya hapa, nikianza na ya msingi na kumalizia na yale ambayo huulizwa kwa sauti ya chini watu wakishaondoka.

## Mambo ya msingi

Isekai ni nini hasa?

Ni neno la Kijapani lenye maana ya ulimwengu mwingine: *i* ni tofauti, na *sekai* ni ulimwengu. Hadithi ya isekai humtoa mtu wa kawaida katika maisha ya leo, mara nyingi mfanyakazi wa ofisi au mwanafunzi wa Japani, na kumpeleka katika nchi ya kubuni yenye majoka, mazimwi, wachawi na wafalme. Njia za kufika huko ni mbili kuu. Ya kwanza Wajapani huiita *tensei*, yaani kufa na kuzaliwa upya. Ya pili ni *ten'i*, yaani kuhamishwa mtu akiwa hai, ama kwa kupita mlangoni ama kwa kuitwa na mfalme fulani kwa uganga. Tofauti hiyo tutaihitaji tena tutakapofika kwenye masuala ya imani na msiba.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Mnamo Machi 2024 liliingizwa katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford.

Na isekai nyepesi ni ipi?

Ni ile isiyomdai mtazamaji chochote. Huhitaji kukariri majina ya koo kumi na mbili, wala kukumbuka nani alimsaliti nani msimu uliopita. Tatizo huzuka asubuhi na mara nyingi huwa limekwisha kabla ya chakula cha jioni. Hatari ipo, lakini haikuachi ukiwa na moyo mzito. Si kila isekai iko hivyo, na wengi huponzwa na picha za matangazo. Re:Zero, iliyoanza kuonyeshwa 2016, ina mabango ya wasichana wanaotabasamu, ilhali mhusika wake hufa tena na tena kwa mateso na kila kifo hukikumbuka. The Saga of Tanya the Evil ya 2017 ni hadithi ya vita tangu mwanzo. Hizo ni kazi zilizoundwa kwa ustadi, lakini anayezianza usiku wa manane akidhani ni za kupumzikia atalala vibaya.

Hadithi hizi zilianzia wapi?

Nyingi za siku hizi zilianza kama riwaya zilizoandikwa na watu wa kawaida, sura baada ya sura, katika tovuti ya Kijapani iitwayo Shōsetsuka ni Narō, jina ambalo maana yake ni kama kusema "tuwe waandishi wa riwaya". Tovuti hiyo ilifunguliwa 2004, na hadithi za ulimwengu mwingine zikazidi humo hata wenye tovuti wakalazimika, mwaka wa 2016, kuzitengea orodha yao ya umaarufu ili zisizifunike nyingine. Riwaya iliyopendwa huchapishwa kuwa kitabu, kisha huchorwa kuwa manga, yaani kitabu cha katuni, kisha huwa anime. That Time I Got Reincarnated as a Slime ilipita njia hiyo: ilianza mtandaoni 2013, ikawa anime Oktoba 2018.

Lakini wazo lenyewe ni la kale kuliko intaneti. Wajapani wana ngano ya Urashima Tarō, mvuvi aliyemwokoa kasa, akapelekwa katika jumba la kifalme chini ya bahari na kukirimiwa huko. Aliporudi kijijini alikuta mamia ya miaka yamepita. Akafungua kisanduku alichokatazwa kukifungua, na uzee wote ukamwangukia kwa mara moja. Sisi wa pembezoni mwa Ziwa Victoria tunaye mvuvi wetu, Nyamgondho wa Ombare, ambaye kisa chake husimuliwa kuwa kilitokea Nyandiwa, upande wa Gwassi. Wavu wake ulivua mwanamke mzee badala ya samaki. Alimpeleka nyumbani, na kutoka ziwani wakaja ng'ombe wasiohesabika. Kisha alianza ulevi na matusi. Mwanamke akaondoka kurudi majini, ng'ombe wote wakamfuata, naye Nyamgondho akabaki ameegemea fimbo yake hadi akageuka mti. Wavuvi wawili, maji mawili, na ulimwengu mwingine chini yake. Wakumbuke, kwa maana nitawarejelea.

Kwa nini kila mara kuna viumbe vya ute, na watu wana viwango kama wanafunzi?

Huo ni urithi wa michezo ya video. Dragon Quest, iliyotoka Japani 1986, ilimpa mchezaji adui dhaifu kuliko wote, slaimu: donge la buluu lenye tabasamu, lililochorwa na Akira Toriyama. Aliyecheza michezo hiyo utotoni anajua kwamba slaimu ni adui wa kujifunzia, na kwamba kila ukishinda unapanda kiwango. Ndiyo maana Wajapani hucheka wanaposikia tu kwamba mtu mzima amezaliwa upya akiwa slaimu. Ukishajua hilo, umeelewa nusu ya mizaha.

## Zinapendeza kwa nini

Mtu mzima mwenye kazi na watoto anapata nini humo?

Dada yangu ni muuguzi. Akitoka zamu ya usiku hupitia kwangu kabla ya kupanda matatu ya kwenda kwake. Nakumbuka asubuhi moja ya mvua: alikaa ukingoni mwa kiti, viatu vya kazi bado miguuni, ameshika kikombe cha chai ya maziwa bila kukinyanyua. Hakutaka kuulizwa kazi ilikuwaje, nami sikumuuliza. Nilimwekea Campfire Cooking in Another World with My Absurd Skill, pale ambapo mhusika mkuu, Mukohda, anapika nyama kwa tangawizi nje porini, na harufu inamleta Fel, mbwamwitu mkubwa wa kutisha aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja. Fel angeweza kumla Mukohda na wenzake wote. Badala yake anataka apakuliwe. Nyama ilipoanza kuchemka katika mafuta yake, dada alinyanyua kikombe akanywa. Mbwamwitu alipoomba aongezewe, kiatu kimoja kilikuwa kimeshavuliwa.

Kazi ya wodini humtaka mtu awe macho kila dakika, kwa kuwa kosa dogo lina gharama kubwa. Hadithi nzito humtaka awe macho vivyo hivyo: akumbuke, ashuku, aogope kwa niaba ya wengine. Anayetoka kazini hana tena kitu hicho cha kutoa. Isekai nyepesi humpokea hivyo alivyo.

Mhusika hapati taabu ya maana. Hadithi isiyo na taabu inavutiaje?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na jibu langu ni neno moja: deni.

Rudi kwa wale wavuvi. Urashima alikula na kunywa baharini, kisha akalipishwa miaka yake yote. Nyamgondho alipewa ng'ombe, kisha akanyang'anywa pamoja na uhai wake. Hadithi za kale hutoa kwa mkono mmoja na kudai kwa mwingine, na maisha yetu ni hivyohivyo: mkopo wa simu unaoiva Jumatatu, mchango wa chama, karo ya Januari, jamaa aliyekusaidia zamani na bado anakukumbusha. Mtu huzoea kupokea kila jema huku akijiuliza litamgharimu nini.

Sasa tazama vipindi vya mwanzo vya Restaurant to Another World, ya 2017. Mkahawa wa Nekoya uko mjini Tokyo. Siku nyingine hupokea wateja wa kawaida, na kila Jumamosi milango yake hufunguka katika ulimwengu mwingine. Aletta, msichana maskini mwenye pembe kichwani, ambaye hakai kazini kwa sababu watu wanauogopa ukoo wake, anaingia usiku bila kujua aliko. Anakuta sufuria ya supu jikoni. Anakula, na usingizi unamchukua palepale. Asubuhi mwenye mkahawa anamkuta, naye msichana anajua kwamba ameiba. Yule bwana anampa kiamsha kinywa, halafu anamuuliza kama angependa kazi ya kuhudumia wateja.

Basi, imekwisha hivyo. Jirani yangu wa Kibuye, anayekopesha na kukopeshwa samaki kila siku ya Mungu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema polepole, "Hata hakumwandika daftarini." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo. Taabu imo katika hadithi, kwa maana njaa ya Aletta ni njaa ya kweli. Kisichokuwemo ni mtu wa kuja baadaye kumdai. Mtazamaji anayeona hivyo kwa dakika ishirini na tatu huachia mabega yake, na hilo ndilo analolifuata.

Mbona zote zinafanana?

Zinafanana kwa makusudi. Fanani akisema *paukwa*, hadhira hujibu *pakawa* bila kufikiri, na hakuna anayelalamika kwamba jana pia alianza hivyo. Kifo cha ghafla, mungu wa kike anayetoa kipawa, mji wenye ukuta, chama cha wasafiri kinachosajili wageni: hayo ndiyo paukwa na pakawa ya isekai. Aliyechoka huingia bila kuongozwa kwa mkono, kwa kuwa mlango anaujua.

Hata hivyo sitamdanganya mtu: nyingi ni mbovu. Kila baada ya miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, Wajapani huanza kuonyesha anime mpya, na miongoni mwake isekai hazikosi, nyingine zikiwa zimetengenezwa haraka na kwa moyo mdogo. Kipimo changu ni kazi ya mikono. Je, kazi inayoonyeshwa ina uzito wake, au mhusika hupunga mkono tu kila kitu kikatokea? Katika Ascendance of a Bookworm, iliyoanza Oktoba 2019, msichana mgonjwamgonjwa aitwaye Myne anazaliwa katika nyumba ya maskini ambamo hamna kitabu hata kimoja, naye anaishi kwa kupenda vitabu. Anajaribu kusuka nyuzi za majani zifanane na karatasi ya mafunjo. Anachoka kabla hajapata ukubwa wa kiganja. Anafinyanga vibao vya udongo, vinapasukia motoni. Anachonga vibao vya mti. Mama yake, bila kujua, anavitia mekoni kama kuni. Mtu aliyewahi kuona akina mama wa Dunga wakishughulika na mafunjo ya kinamasini anajua kwamba mmea ule hauwi kitu mpaka vidole vimeuma. Msimu wa kwanza unakwenda taratibu sana, na bado sikuweza kuuacha.

Kwa nini kuna chakula kingi namna hiyo?

Kwa sababu chakula hakihitaji kufafanuliwa. Huenda hujui mfalme yule ni nani, lakini nyama inayokaangwa unaijua. Tazama pia jibu kuhusu deni: mlo ndio wema rahisi kuonyesha.

Je, si kupoteza wakati? Akili haidumai?

Nimeulizwa hili na mwalimu mwenzangu, na nililichukua kwa uzito. Yeyote atakayetazama vipindi kumi na viwili usiku mmoja na kesho yake akashindwa kufundisha amejidhuru, na ingekuwa vilevile kama angekesha akisoma riwaya ya maana. Lakini kutazama kipindi kimoja baada ya kazi ni kupumzika, na kupumzika si uvivu.

Inafaa kujua ni nani waliozianzisha ndoto hizi na kwa nini. Kijapani kina neno *karōshi*, kifo kinacholetwa na kazi nyingi kupita kiasi. Azusa, mhusika mkuu wa I've Been Killing Slimes for 300 Years and Maxed Out My Level, anakufa hivyo akiwa na umri wa miaka 27. Mungu anapomuuliza anataka nini katika maisha ya pili, haombi dhahabu wala ufalme. Anaomba maisha marefu na ya polepole, nyumba mlimani na shamba. Anaua slaimu wachache kila siku bila haraka, na baada ya miaka 300 anagundua kwamba amefika kiwango cha 99, cha juu kabisa. Watu wetu wengi wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi sokoni wanalielewa ombi lile bila tafsiri.

## Kuanza kutazama

Nianze na ipi?

Inategemea unatoka wapi. Anayependa jiko aanze na Campfire Cooking, ya 2023. Msimu wake wa kwanza una vipindi 12, na kipawa cha kipekee cha mhusika wake ni kuagiza bidhaa kutoka duka la mtandaoni la Japani. Aliyelelewa shambani, na hapa magharibi ni wengi wetu, atafurahia Farming Life in Another World, ya mwaka huohuo. Hiraku, aliyefariki kwa ugonjwa, anapewa mwili wenye afya na zana ya kilimo inayogeuka jembe au chochote anachohitaji, kisha anaachwa msituni peke yake. Analima. Udongo unamtii kwa namna ambayo wa kwetu haujawahi kututii, na kuna raha kubwa katika kuutazama. Anayetaka kucheka atazame KonoSuba, lakini asome kwanza jibu kuhusu watoto.

Mimi binafsi humwanzishia mgeni Restaurant to Another World, kwa sababu kila kisa ni kifupi na kinajitosheleza.

Kipindi kimoja huchukua muda gani, na hula bando kiasi gani?

Kipindi cha kawaida ni takribani dakika 24, na ukiruka wimbo wa mwanzo na wa mwisho, ambao kila mmoja huchukua kama dakika moja na nusu, zinabaki kama 21. Kuhusu bando, Netflix yenyewe hukadiria kwamba ubora wa chini hutumia hadi gigabaiti 0.3 kwa saa. Kipindi kimoja basi hakizidi sana megabaiti 120, na msimu wa vipindi 12 huishia karibu na gigabaiti moja na nusu. Kwenye simu ubora huo unatosha kabisa. Ukiwa na mahali penye Wi-Fi, pakua mapema. Stima ikipotea jioni utanishukuru.

Nitazame kwa manukuu au kwa sauti iliyotafsiriwa?

Aliyechoka macho achague sauti ya Kiingereza ikiwapo. Hakuna dhambi ndani yake. Sauti za Kijapani ni nzuri zaidi katika vichekesho, ila kusoma nako ni kazi.

Je, lazima nifuate mpangilio wa vipindi?

Kwa zile nyepesi kabisa, hapana. Wakati mmoja nilinunua flashi katika duka moja karibu na steji, na vipindi vikawa vimepangwa ovyo. Nilianza na cha tisa bila kujua. Nilikuwa nimefika katikati ya cha pili ndipo nikaelewa kwamba yule msichana niliyemdhani mgeni alikuwa amekaa pale muda mrefu. Haikuniharibia kitu. Ningefanya hivyo na Re:Zero, ningepotea kabisa.

Hayo maduka ya flashi ni halali?

Kunakili na kuuza kazi ya mtu bila kibali chake ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, na anime haikusamehewa. Nimesema hapo juu kwamba nilinunua, sijinunulii tena. Watu watatu au wanne wakitazama pamoja katika akaunti ya mmoja wao, gharama ya halali huwa ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

## Watoto, wazee na imani

Naweza kuwaachia watoto watazame?

Si kabla hujatazama wewe. Wengi hufikiri kila kilichochorwa ni cha watoto, na hapo ndipo makosa huanza. Ascendance of a Bookworm na Restaurant to Another World naziweka sebuleni bila wasiwasi mkubwa. Farming Life ina dokezo za mahusiano ya watu wazima. KonoSuba inachekesha mno, lakini mizaha yake mingi ni ya miili ya wasichana, na sitaki kuitazama nikiwa nimeketi na mama mkwe. Mushoku Tensei, ambayo picha zake huonyesha mtoto mdogo na kitabu cha uganga, haiwafai watoto hata kidogo.

Kuzaliwa upya na miungu ya kike: je, hayapingani na imani yetu?

Muulizaji wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa, na alistahili jibu la heshima. Kuzaliwa upya ni fundisho linalojulikana katika dini ya Kibuddha, na Wajapani hulitumia katika hadithi hizi kama sisi tunavyotumia sungura anayezungumza: ni njia ya kuifikisha hadithi mahali pake. Hakuna anayehubiriwa. Hata hivyo kila nyumba ina mipaka yake, na asiyependa jambo hilo anaweza kuchagua isekai za *ten'i*, ambamo mtu huhamishwa akiwa hai. Yule mzee alifanya hivyo.

Nyanya yangu hajui Kiingereza. Atafurahiaje?

Manukuu ya Kiswahili ni nadra, kwa hiyo msimulie. Zima sauti kidogo, kaa kando yake, ueleze kinachotendeka kadiri kinavyotendeka. Nilifanya hivyo na nyanya yangu kwa Kijaluo, na kabla ya kipindi cha tatu alikuwa ananisahihisha: Fel, alisema, si mbwamwitu, ni shemeji aliyekuja kutembea akakaa.

## Maswali ya pembeni

Nilianza ikiwa nyepesi, sasa imekuwa nzito. Nimekosea wapi?

Hujakosea. That Time I Got Reincarnated as a Slime ndiyo mfano ulio wazi. Msimu wa kwanza ni wa kujenga mji na kupata marafiki. Katika msimu wa pili, wa 2021, mji huo unavamiwa, wakazi wanauawa, na Rimuru, slaimu wetu mpole, anaangamiza jeshi zima. Baadhi yetu waliendelea, wengine wakasimama mwisho wa msimu wa kwanza, nami naona kusimama ni sawa kabisa. Hadithi haikushiki kwa nguvu.

Katika KonoSuba wahusika wana madeni tele. Inawezaje kuwa nyepesi?

Fundi wetu wa pikipiki ndiye aliyeliuliza, akijua ninavyosema kuhusu deni. Ni kweli: Kazuma na wenzake huharibu mali za watu kiasi kwamba zawadi zao huishia kwenye fidia. Lakini tangu mwanzo tumeambiwa mizani ya mambo. Kazuma anadhani amekufa kishujaa akimwokoa msichana asigongwe na lori. Kumbe ilikuwa trekta ya shambani ikienda polepole, naye amekufa kwa mshtuko. Katika ulimwengu ulioanza hivyo, hata deni huwa na sauti ya kichekesho. Linamsumbua Kazuma, halimfuati mtazamaji nyumbani.

Je, Spirited Away ni isekai nyepesi?

Filamu hiyo ya Hayao Miyazaki, ya 2001, ni isekai kwa umbo, kwa maana Chihiro anapita handakini na kutokea ulimwengu mwingine. Nyepesi siyo. Wazazi wake wanakula chakula kisichokuwa chao, wanageuka nguruwe, na binti analazimika kufanya kazi ili awakomboe. Iweke kando ya Aletta na supu yake: kosa ni lilelile, daftari ndilo tofauti. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizozitaja hapa, na ndiyo sababu siitazami nikiwa nimechoka.

Nimefiwa. Ni vibaya kutazama vitu vya namna hii?

Nimeulizwa mara mbili, na mara zote mbili na mtu aliyebaki nyuma wenzake wakishaaga. Si vibaya. Siku za matanga nyumba hujaa watu, kisha huondoka wote, na usiku wa kwanza wa upweke ni mrefu. Kutazama kitu chepesi usiku huo hakumkosei heshima aliyelala.

Ila chagua kwa uangalifu. Nyingi za *tensei* huanza kwa kifo kinachopita kama mzaha, ajali ya lori au moyo uliosimama ofisini, na aliyetoka makaburini juzi hapaswi kukutana na hilo bila kutarajia. Ahirisha KonoSuba, ya Azusa, na hata ile ya Hiraku. Chukua Restaurant to Another World, ambamo mtu hahitaji kufa ili afike. Hufungua mlango tu, kengele ikalia, akaulizwa atakula nini. Na kama hutaki kuwa peke yako, Ijumaa tunaanza saa moja jioni, na hatuongei sana.